Aliyeitwa Mara Tatu

Jumamosi asubuhi mama alimwita binti yake aje anywe chai, na sauti ikamjibu kutoka chumbani: "Nipo." Akamimina chai. Alipogeuka kuchukua sukari akamwona mtoto anaingia kwa mlango wa uani, miguu imejaa tope.

"Mama, umeniita?"

"Si umeshaitika?"

"Sijaitika. Nilikuwa bombani. Halafu mimi huwa naitika abee, siitiki nipo."

Hilo lilikuwa kweli. Mtoto huyo wa miaka tisa, ambaye baba yake alimpachika jina la Kinanda kwa sababu hanyamazi, hakuwahi kuitika vingine. Mama akaenda chumbani. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, na pasi yenyewe ilikuwa kabatini, baridi.

Mama huyu alikuwa mwendesha mashtaka. Mahakamani walimwita Mama Kifungu, maana hata akigombana na muuza nyanya lazima ataje kifungu cha sheria. Miaka kumi na saba kazini, hakuwahi kula rushwa, na hilo tumpe haki yake. Alikuwa mwoga tu, na mwoga huyu alikuwa na muhuri wa serikali mkononi.

Kesi iliyoleta haya yote ilihusu kiwanda cha kushona sare. Tajiri mwenye kiwanda alikuwa akifunga mlango kwa kufuli la nje ili mafundi wasitoke kabla ya saa. Moto ulipozuka, kumi na mmoja waliteketea nyuma ya mlango huo. Wa kumi na mbili, mwanamke aliyekuwa akishona vifungo, alitolewa akiwa hai. Aliishi wiki tano. Akiwa kitandani alisema yote, polisi wakaandika, akaweka dole gumba. Jina lake sitaliandika hapa. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini, na utanishukuru.

Kisha simu zikaanza kutoka juu. Baada ya simu akaja mtu mzima mzima, bwana wa makao makuu ambaye makarani walimwita Mpole kwa sababu hajawahi kupandisha sauti. Alikaa ofisini kwa Mama Kifungu, akakunja nne.

"Dada yangu, hii kesi inatuumiza vichwa. Wenye mitaji wanauliza. Wakubwa wanauliza. Mimi nimetumwa tu."

"Ushahidi upo, mzee."

"Na shahidi yupo?"

Mama Kifungu akatupia jicho droo ya meza yake. Asubuhi hiyohiyo kaka wa yule fundi alikuwa amemletea barua ya hospitali: dada amefariki. Kisheria barua ile ingemmaliza Tajiri, kwani maelezo ya marehemu husomwa mahakamani yakawa ushahidi. Lakini shahidi aliye hai akikosa kufika, kesi huporomoka. Mpole aliyajua hayo kuliko yeye.

"Barua ikae kwenye droo," alisema taratibu. "Ijumaa aitwe kama kawaida. Asipoitika, basi. Na lile suala la kukuhamishia kule mpakani, mbali na mumeo na mtoto, nitalimaliza mimi."

Ijumaa ikafika. Pale mahakamani shahidi huitwa mara tatu mlangoni, na kazi hiyo ilikuwa ya tarishi mnene waliyemwita Spika kwa ukubwa wa koo lake. Maelfu ya watu wasiokuwepo wamewahi kuitwa pale. Ila hakuna aliyewahi kumwita mtu huku barua ya kifo chake iko kwenye droo. Spika aliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya ya tatu alichelewa kidogo kurudi ndani, akawa anajifuta shingo.

"Hakuna mtu, mheshimiwa."

Hakimu akaliondoa shitaka. Tajiri akatoka akicheka na Mpole, wameshikana mikono. Mama Kifungu aliona, na moyo ukamchoma, lakini akafunga faili akaenda nyumbani.

Ndiyo ikaja ile Jumamosi ya chai. Jumatatu mwalimu alipiga simu kuuliza ni nani anamfundisha mtoto utani mbaya, kwani kila jina linalosomwa kwenye daftari la mahudhurio linaitikiwa na sauti ya mtu mzima kutoka dawati la Kinanda. Jumatano, kwenye foleni ya dawa, mhudumu alimwita mzee mmoja, na yule mzee akafungua mdomo lakini ikasikika "nipo" ya mwanamke kutoka pale aliposimama Mama Kifungu na mwanawe, watu wakageuka wote, na mama akamtazama binti yake, akamwona midomo imefumba na machozi yanamtoka. Na kadiri sauti ile ilivyozidi kuitika ndivyo ya mtoto ilivyozidi kupungua, ikawa mnong'ono, ikawa pumzi, na kila akikohoa ilitoka harufu ileile ya kitambaa kinachoungua, hata siku ya kumi mchana kweupe, jua linawaka na majirani wanaanika nguo, baba yake alimkalisha mapajani akamwambia aseme lolote, hata tusi, hatapigwa, na mtoto akafungua kinywa akahangaika akatoa jasho na haikutoka hata sauti ya paka.

"Umefanya nini kazini kwako?" mume aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nauza vipuri vya baiskeli. Kwangu hakuna kitu cha kutufuata."

Jioni hiyo Spika alibisha hodi. Aligoma kukaa.

"Mama, nisamehe. Ile Ijumaa niliitikiwa. Mara ya tatu. Nyuma ya sikio langu hapa. Nikaogopa kusema."

Ndiye aliyewapeleka kwa mganga, mama mmoja aliyepanga chumba nyuma ya gereji, mwenye simu mbili na foleni ndefu kuliko ya benki. Mganga alimshika Kinanda kidevu, akanusa pumzi yake, akaachia haraka.

"Huyu si jini. Jini ningemuuliza anataka nini, tukaelewana, akaenda zake. Huyu mmemwita wenyewe, tena kwa cheo cha serikali. Mnataka nimfukuze kwa cheo gani?"

"Mwanangu atakuwa bubu?" Mama Kifungu aliuliza.

"Aliyemwita kwa uongo aseme uongo wake hadharani, kwa mdomo wake. Akisema, huyu atamwachia mtoto. Asiposema, huyo haondoki. Na ufanye haraka, sauti ikishaisha inafuata pumzi."

Mama Kifungu hakulala, ila safari hii alikuwa na hasira kuliko hofu. Alifungua kesi upya. Siku ilipotajwa, Tajiri alikuwa kizimbani na Mpole amekaa nyuma yake, anatabasamu. Mama Kifungu akasimama na ile barua.

"Mheshimiwa, shahidi amekufa. Nilijua amekufa nikaacha aitwe. Nilidanganya mahakama hii. Na aliyenielekeza amekaa pale."

Akayasoma maelezo ya marehemu yote, mlango, kufuli, kucha zilizobaki kwenye mbao. Harufu ikajaa chumba kizima, watu wakajifunika pua. Tajiri alianza kulia kabla hajaulizwa. Hakimu akaagiza Mpole apande kizimbani, ale kiapo, ajieleze.

Mpole hakupandisha sauti. "Mheshimiwa, mimi simjui huyo," akasema, akalitaja jina la marehemu. Hakimu akauliza kama ana uhakika. Akalitaja tena, akasema hajawahi kulisikia. Spika, pale mlangoni, akaziba masikio. Mpole akalitaja mara ya tatu, akiapa, kisha akafungua mdomo aendelee.

"Nipo," likatoka kinywani mwake, kwa sauti ya mwanamke.

Mchana ule Kinanda aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe, na mama yake aliyasikia maneno mawili yale akaanguka magotini akalia. Tajiri alifungwa. Mama Kifungu alifukuzwa kazi, na hakukata rufaa.

Miezi miwili baadaye mke wa Mpole alikuja nyumbani kwa Mama Kifungu, amekonda. Alimkuta barazani anachambua mchele.

"Dada, nisaidie. Ameanza kukosa pumzi. Nimesikia wako alipona. Ulifanya nini?"

"Nilisema ukweli mbele ya watu. Na yeye aseme."

"Anataka kusema. Kila siku anataka, analia. Lakini akifungua mdomo ni yule anayeongea. Hata kuandika, mkono unaishia kuweka dole gumba."

Mama Kifungu alijua. Alilijua hilo tangu siku ile kizimbani, alipoona macho ya Mpole yanamtafuta.

"Basi pole," alisema, akaendelea kuchambua mchele.