Mwanamke wa Ghala la Pamba

"Nimeuliza watu wawili, na wote wamesema jambo moja," Mdadisi alisema, akaiweka pete ya uchumba juu ya meza ya studio.

Mpiga picha alikuwa anafuta lenzi. Aliitazama pete, kisha akamtazama mwenye pete.

"Jambo gani?"

"Una mwanamke. Jimama nene. Mmeonekana mmekumbatiana kwenye ghala la pamba, pale pale petu."

Kidogo acheke, lakini macho yakarudi kwenye ile pete, na kicheko kikamkauka.

"Mimi umeniuliza?"

"Watu wawili wanatosha."

"Basi mimi sina la kusema."

Akaendelea kufuta lenzi. Kiburi anacho, tusimpambe.

Mdadisi naye ndivyo alivyo, na jina hilo alipewa na wenzake ofisini. Alikuwa anaandika historia ya maonyesho ya viwanda ya taifa: yalianzia wapi, yakahamia wapi, nani alileta mashine gani. Kwake jambo lilikuwa kweli likishasemwa na watu wawili wasiojuana. Mpiga picha alipangiwa kupiga picha za viwanja vya zamani, wakaanza kuzunguka wote kwenye mabati na vumbi, na mapenzi yakaingia humo humo. Sasa shoga yake wa ofisini kasema, na msusi wake kasema, na hao wawili hawajawahi hata kusalimiana. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Alilia mpaka macho yakavimba, kisha akarudi kazini, maana sura ya kwanza ilikuwa haijakaa sawa. Magazeti matatu yaliandika kwamba maonyesho ya kwanza yalifanyika uwanja wa mpira. Lakini picha ya siku ile ilionyesha nguzo za chuma na paa, na uwanja wa mpira haujawahi kuwa na paa. Nguzo zile yeye na mpiga picha walishazipata kwenye ghala la pamba. Ndiyo siku waliyokumbatiana kwa furaha.

Akayasoma magazeti upya, neno kwa neno. Yote matatu yalimtaja mgeni rasmi mmoja, na mgeni mwenyewe alikuwa ameshazikwa mwaka uliotangulia. Looh! Maiti kafungua maonyesho, tena kwenye magazeti matatu. Hapo akaelewa: mmoja alikosea, wawili wakanakili.

Akaiweka kalamu chini. Akampigia shoga yake.

"Yule mwanamke, ulimwona kwa macho yako?"

"Mimi? Aka. Kaniambia baba mdogo, yule mlinzi wa ghala."

Akampigia msusi. Msusi naye kaambiwa na mteja wake, na mteja huyo ni mke wa mlinzi.

Mdadisi alifika ghalani akihema. Mlinzi hakumkumbuka, akamsimulia kwa raha zake zote: mpiga picha anamfahamu vizuri, ila yule mwanamke alimwona mara moja tu. Alikuwa amejifunga kitambaa puani, kofia ngumu kichwani, ovaroli limemjaa. Walipima nguzo, wakaitazama picha, wakakumbatiana.

"Lile ovaroli ni la wapi?" Mdadisi aliuliza, ingawa jibu lilishamchoma.

"Silijui. Ila lilikuwa kubwa, binti yangu, watu wawili wangeenea humo."

Lilikuwa la kaka yake, fundi magari. Alikuwa ameliazima ili gauni lisichafuke. Jimama nene lilikuwa yeye mwenyewe. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akamtumia mpiga picha ujumbe: "Uko wapi? Nina swali." Jibu likachelewa, likaja fupi: "Viwanja vipya."

Alimkuta amekaa kwenye benchi katikati ya mabanda yanayojengwa, kamera mapajani, begi lake kalitandaza ubavuni kama mtu asiyetaka jirani.

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua pale pale."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama utaniuliza. Ukauliza shoga, ukauliza msusi. Mimi ukaniletea hukumu. Iliniuma."

"Nisamehe. Nilikupenda nikaogopa jibu lako."

"Na mimi ningesema neno moja tu, yakaisha. Kiburi kikanikaba."

Mafundi walikuwa wanagonga mabati, hakuna aliyewajali. Mdadisi akavuta pumzi.

"Sasa nakuuliza wewe, na nikishakusikia siendi kwa mwingine. Bado unanitaka?"

Mpiga picha alimwacha asimame juani apate joto lake, na kwa kweli alistahili. Kisha akalichukua lile begi, akaliweka chini.

"Kaa," alisema. "Nikujibu taratibu."