Zimwi Lililoanguka Bila Kuanguka

Kila alasiri, baada ya kumaliza mkate wake wa siagi ya karanga, Corinne alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kuliamsha zimwi. Lilikuwa zimwi la udongo laini, lenye jicho moja na kitambi, lililofinyangwa na jirani yake Wendell. Wawili hao walikuwa wakitengeneza filamu ya kuchekesha, ionyeshwe maktaba jioni ya Halowini. Lisogeze zimwi unene wa ukucha, piga picha. Lisogeze tena, piga tena. Picha zikipita upesi, zimwi linatembea.

Karibu na sikukuu Wendell akashikwa na mafua makali. Ilibaki sehemu ya mwisho, zimwi likanyage boga na kuanguka, nayo ikamwangukia Corinne peke yake. Mgongo ulimuuma, na wenzake walikuwa wakijaribu mavazi ya kutisha. Basi akaanza kulirukisha zimwi kama panzi, hatua ndefu kati ya picha na picha. Wendell alipopiga simu kuuliza kama analisogeza kidogo kidogo, Corinne alimjibu kuwa ndiyo.

Jioni ya Halowini maktaba ilijaa wachawi wafupi na wazazi wao. Mwanzoni watu walitabasamu. Ilipofika sehemu ya boga, zimwi lilikuwa limesimama, mara limelala. Mtoto mmoja aliyevaa kama nyuki akamuuliza mama yake, "Kwani limeanguka saa ngapi?"

Hapo watu wakacheka, ila si kicheko alichokitaka Corinne.

Wendell, skafu shingoni, akamgeukia. "Ulilisogeza kwa beleshi, si kwa ukucha?"

Corinne angeweza kuisingizia kamera, maana kamera haina mdomo. Lakini aliona kucha za Wendell, bado zina udongo wa kijani.

"Niliharakisha," akasema. "Na kwenye simu nilikudanganya."

Wendell alilitwaa zimwi lake, lililowekwa mezani watu walione, akalitia ndani ya kofia, akaenda zake.

Bi Pruitt, mkutubi, alikubali filamu irudiwe siku ya hadithi za watoto, mradi mwenye zimwi aridhie. Corinne alibisha mlangoni kwa akina Wendell. Zimwi akapewa, pamoja na onyo: likitoka jicho, asirudi.

Alianza upya, peke yake, ukucha kwa ukucha. Siku moja Wendell alikuja akakaa kwenye ngazi, akitafuna peremende zake za Halowini bila kumkaribisha. Mwishowe akasema, "Sogeza boga kushoto, wewe," akamtupia peremende moja.

Filamu ilipoonyeshwa tena, maboga barazani yalikwisha kubonyea. Mguu wa zimwi uligusa boga, ukateleza polepole, mikono ikapapasa hewa. Yule nyuki, sasa ndani ya sweta, alianza kucheka hata kabla zimwi halijaanguka.

Bi Pruitt aliwasha taa. "Corinne, kicheko kilikuwa ndani ya picha zilezile ulizoziruka," akasema. "Na mwenzako alizihesabu kuwa zimo, kwa sababu ulimwambia zimo. Kazi ya kulipua hujionyesha yenyewe mbele za watu. Uongo kwa rafiki haujionyeshi, mpaka uutoe wewe mwenyewe."

Wendell alikuwa tayari anafinyanga zimwi la pili. Akampa Corinne miguu aifinyange.