Nusu ya Iliasi

Wewe unayesoma, umewahi kula nusu ya kitumbua ukahisi kwamba nusu nyingine inakutazama?

Mjukuu wangu Hidaya alihisi hivyo kila asubuhi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba yetu iko Kasongo, nyuma ya soko, mahali ambapo adhana ya alfajiri hukuamsha na kengele ya shule ya mapadri hukuharakisha. Hidaya alipomaliza kuswali alifagia uwanja, akateka maji kwenye chemchemi, kisha akaketi mkekani anywe chai. Mama yake, Aziza, alinunua vitumbua vya mchele kwa jirani, vingali vya moto, mafuta yakilowesha karatasi. Alichukua kimoja, akakivunja katikati, nusu akampa Hidaya. Nusu ya pili aliiweka kwenye sahani ndogo ya bati karibu na mlango. Juu ya sahani ile, kwenye msumari, kilining'inia kikombe cha bluu kilichobanduka rangi mdomoni.

Kikombe kile kilikuwa cha Iliasi.

Hidaya na Iliasi walizaliwa mapacha, au mapasa kama tunavyosema kwetu. Na kwetu mapasa hawabaguliwi. Ukimpa huyu, umpe na mwenzake. Ukimpakata huyu, umpakate na mwenzake, hata kama mikono imechoka. Walipokuwa wadogo sana, mwaka wa mvua nyingi, visima vilichafuka na kolera, yaani kipindupindu, ikaingia mtaani. Iliasi aliugua asubuhi. Jua lilipozama tulikuwa tumekwisha kurudi makaburini, na matope yalikuwa bado miguuni. Hidaya hakuguswa hata na homa.

Tangu siku ile Aziza hakuacha kugawa. Kitumbua, ndizi, kipande cha samaki, hata kitambaa cha nguo ya Idi, kila kitu kilikatwa mara mbili. "Mapasa ni mapasa," alisema, na mwanangu Abedi, baba wa watoto, hakuthubutu kumjibu. Hidaya alilala upande mmoja wa mkeka. Upande wa pili ulibaki laini, bila mkunjo. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo.

Ile nusu ya kwenye sahani ililiwa na kuku. Sote tulijua, hata Hidaya alijua. Lakini jioni, upepo ulipousukuma mlango na kikombe kikagonga ukuta, ti, ti, ti, hakuna mtu nyumbani aliyesema kuwa ni upepo.

Mwaka ule Hidaya alifaulu mtihani wa darasa la sita. Mjomba wake Souleymane, kaka wa Aziza, ana boti kubwa la mbao kule Kindu. Alipiga simu, na sauti yake ikajaa uwanja mzima.

"Mpwa wangu, umetupa heshima! Vakansi hii, shule ikifungwa, nitakupandisha boti. Kutoka Kindu mpaka Ubundu, na kurudi. Hutauza kitu, hutabeba kitu. Utakaa kivulini na kutazama mto Lualaba tu!"

Habari hiyo ilitembea haraka kuliko pikipiki. Muhindo, kijana anayebeba watu kwa pikipiki mpaka Salamabila, alisimama mlangoni kwetu akicheka, akaniita Koko kama wanavyoitwa wazee kwetu.

"Koko, ni kweli? Mutoto anapanda boti bila hata gunia moja la muchele? Anaenda kuangalia maji? Maji si iko hapa pia? Nimuletee ndoo moja, akae aangalie!"

"Kule Salamabila watu wanaangalia mchanga wa dhahabu kutwa nzima," nilimjibu, "na wewe hujawahi kuwacheka."

Muhindo akaondoka akitikisa kichwa. Cadette, rafiki wa Hidaya, alikuwa amekaa naye kizingitini. "Ukiona kiboko, umwambie mimi sijambo," alisema, na wote wawili wakacheka mpaka chozi.

Furaha hiyo ilikatika jioni, ugomvi wa chanjo ulipoanza.

"Souleymane amesema bandarini wanaomba karatasi ya homa ya manjano," Abedi alisema. "Achanjwe hiyo, basi, safari njema."

"Hiyo peke yake?" Aziza aliuliza. "Mimi nataka zote. Kila sindano iliyoko Kongo hii, wamchome."

"Mutoto si mto wa kuchomeka sindano, Mama Hidaya."

"Na mtoni kuna kolera! Umesahau?"

Kikombe kikagonga ukuta. Abedi akaugeukia mlango. Mimi nikawaambia kwamba wote wawili wanashindana juu ya jambo wasilolijua, na asubuhi tukaenda kwenye kituo cha afya kwa Mama Dorothée, muuguzi aliyemchanja Hidaya tangu ananyonya.

Mama Dorothée alitusikiliza wote, kisha akafuta miwani yake kwa pindo la kitenge.

"Hatuchagui chanjo kwa sababu ya askari wa bandarini," alisema, "wala hatuchagui kwa woga. Tunauliza: mtoto anakwenda wapi, kuna ugonjwa gani huko, na mwili wake umekwisha kupata nini? Surua alichanjwa akiwa mdogo, nakumbuka alivyoniuma kidole. Homa ya manjano bado. Hiyo ni lazima, na achomwe mapema, kwa sababu mwili unahitaji siku kumi kujifunza kujilinda. Boti la mbao lina misumari, kwa hiyo tumwongeze na ya pepopunda. Ya homa ya matumbo hapa hatuna. Huko atajilinda kwa maji ya kuchemsha na kunawa mikono. Na kwa malaria, atalala ndani ya chandarua, hata juu ya boti."

"Na kolera?" Aziza aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ipo. Ni ya kunywa."

"Lakini hiyo hawaiombi bandarini," Abedi alisema.

"Papa Abedi, kolera nayo haiombi karatasi."

Aziza akafunika uso kwa kitenge chake. Abedi akaangalia miguu yake. Basi ikaamuliwa hivyo: sindano mbili, na ile ya kunywa.

Siku ya kuchanjwa niliandamana na Hidaya mimi mwenyewe. Alitoa mkono bila kulia. Lakini baada ya sindano alibaki akiutazama mkono ule kwa muda mrefu, kama mtu aliyekula peke yake mbele ya mwenye njaa. Baadaye alinieleza aliyokuwa akiyawaza. Sindano haigawanyiki. Imeingia yote kwake, na Iliasi hakupata kitu.

Ndipo Mama Dorothée akafungua kile kichupa kidogo na kummiminia dawa mdomoni. Wakati huohuo mtoto mchanga alipiga kelele kwenye mizani, mama yake akaita, na Mama Dorothée akageuka.

"Umemeza?" aliuliza akiwa amempa mgongo.

Hidaya akaitikia kwa kichwa.

Tulirudi nyumbani. Njiani tulikutana na Cadette. "Hidaya! Wamekuchoma ulimi?" Hidaya hakujibu. Alipita midomo ikiwa imefungwa, mashavu yametuna kidogo. Nilifikiri ni maumivu. Alinitangulia kufika mlangoni, nami nikiwa bado njiani nikasikia kikombe kikigonga ukuta, ti, mara moja tu.

Alikuwa amekusudia kumeza nusu na kumwekea ndugu yake nusu. Lakini mate yalikuwa yamejaa mdomoni, na hakuweza tena kujua ipi ni nusu yake na ipi ni ya Iliasi. Akaogopa kumeza fungu la mwenzake. Akatema yote ndani ya kikombe cha bluu.

Alifikiri Iliasi atatulia sasa. Haikuwa hivyo. Siku zilizofuata Hidaya hakupita mlangoni bila kukiangalia kikombe. Nzi walikizunguka. Aliacha nusu yake ya kitumbua bila kuila, na kuku wakapata kitumbua kizima. Nilimwona jioni moja amesimama mbele ya msumari ule, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Unatafuta nini hapo, mjukuu wangu?"

"Hapana kitu, Koko. Namsikiliza tu."

Nilihisi baridi, na jua lilikuwa bado halijazama.

Kisha Mjomba Souleymane akapiga simu tena. Kulikuwa na kambi ya wavuvi upande wa chini wa mto, na watu kadhaa huko walikuwa wameugua kolera. "Dada, usiogope," alisema. "Watu wangu wote wamekunywa chanjo, na maji ya boti tunayachemsha. Mutoto amekunywa?"

"Amekunywa," Aziza alijibu. "Namshukuru Mungu."

Hidaya alikuwa karibu, anachambua mchele. Nilimwona akichukua mchele mzuri na kuutupa, akabakiza mawe kwenye ungo. Alijua mambo mawili. Akisema, itabidi anywe tena na kungoja siku kadhaa, na boti litaondoka. Asiposema, atakwenda kwenye mto ule bila kinga, kama Iliasi alivyokuwa bila kinga.

Mchana wa kufunga mzigo, Aziza alitandaza kila kitu juu ya mkeka: magauni, chandarua, sabuni, kofia ya Abedi ya jua. Kisha akaenda mlangoni, akatoa kikombe cha bluu kwenye msumari.

"Iliasi naye atasafiri," alisema, na akatabasamu jinsi ambavyo hatukuwa tumemwona akitabasamu kwa miaka. "Mara hii mtoto wangu amekingwa. Hata mimi nitalala."

Akakiweka kikombe juu ya nguo.

"Usikiweke, Mama!" Hidaya aliruka, akakishika. "Usikiweke. Humo ndani kuna dawa yangu."

"Dawa gani?"

"Ya kolera. Sikumeza. Nilimletea Iliasi."

Aziza alitazama ndani ya kikombe. Chini palikuwa pamekauka alama nyeupe, nyembamba, kama utando wa uji.

"Mama Dorothée aliniuliza, nikaitikia kwamba nimemeza," Hidaya alisema, na sasa maneno yalimtoka yakigongana. "Nilidanganya. Yeye ndiye aliyekufa nayo, Mama. Yeye ndiye aliyeihitaji. Mimi haikunigusa. Niliogopa kunywa sehemu yake."

Aziza akaketi chini. Upepo ukausukuma mlango, tukasubiri sauti ile, lakini msumari ulikuwa mtupu. Nje kuku alikuwa akikwaruza. Kisha Aziza akainuka, akamshika binti yake mkono, akasema neno moja tu: "Twende."

Mama Dorothée hakupiga kelele. Hilo lilikuwa gumu zaidi kwa Hidaya.

"Nilikuuliza, binti yangu."

"Ndiyo, Mama. Nikakudanganya. Naomba unisamehe."

"Nami niligeuka kabla ya kuona koo lako likisogea. Leo sigeuki." Alifungua kichupa kingine, akammiminia, akamkazia macho. "Sasa niambie jina lako."

Hidaya akameza. "Hidaya."

"Tena."

"Hidaya binti Abedi."

"Vizuri. Mwenye dawa mdomoni hasemi hivyo." Akamvuta karibu na magoti yake. "Sikiliza. Kumkumbuka ndugu yako si kosa. Mwombee, mtaje, mpende. Lakini dawa ni ya mwili ulio hai, na mwili hauna nusu. Na ukimdanganya muuguzi, yeye atakwenda nyumbani kwake, atakula, atalala. Atakayebaki bila kinga ni wewe. Hata kama neno ni zito, hata kama utaikosa safari, lilete hapa likiwa kweli. Kwa ukweli naweza kukutibu."

Boti liliondoka Kindu bila Hidaya. Mjomba Souleymane alisema atamchukua safari ya pili, fupi zaidi, mpaka Lowa tu, kabla vakansi haijaisha. Muhindo alipita akapiga honi. "Boti limekuacha, Mama Maji?"

"Limeniacha," Hidaya alimjibu. "Ndoo yako bado iko? Ilete basi, nianze kuangalia." Na Muhindo akawasha pikipiki yake, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Aziza alinunua vitumbua kama kawaida. Kikombe cha bluu alikuwa amekiosha kwa maji ya moto na kukiweka kabatini, pamoja na nguo za Iliasi. Abedi alikuwa ameahidi kwenda na wote makaburini Ijumaa, wakamsomee dua. Lakini sahani ya bati ilikuwa bado pale mlangoni.

Aziza alichukua kitumbua. Vidole gumba viwili vikakaa katikati, tayari kuvunja. Vikasimama.

"Hidaya," alisema. "Ulituambia ulichokifanya. Mimi nimekuwa nikikatakata miaka yote hii, na sijakuuliza hata siku moja. Wewe ulitaka nini?"

Hidaya aliangalia sahani. Akaniangalia mimi. Mafuta yalikuwa yanashuka polepole kwenye kiganja cha mama yake.

"Nilitaka kizima, Mama," alisema. "Changu peke yangu."