Mbwa wa Nuala Asiye na Jina

Soko la Kiingereza mjini Cork, kwetu Ayalandi, Jumamosi kabla ya adhuhuri, si mahali pa kutafutia mapenzi. Ni mahali pa kutafutia matumbo ya ng'ombe, samaki na umbea. Lakini mapenzi hayana adabu. Yalimkuta Nuala Cotter kwenye foleni ya samaki, amevaa koti lake la sufu la kijani, skafu nyekundu ameifunga kwa maringo, na kiatu kimoja kinavuja. Akahisi kitu chenye unyevu kinamlamba sikio.

Sasa, mwanamke wa Cork akilambwa sikio hadharani ana njia mbili: apige ukelele, au ageuke kwanza aone kama aliyelamba ni mzuri. Nuala aligeuka.

Alimkuta mwanamume mrefu, nywele nyekundu kama bati lililoshika kutu, suruali imejaa vumbi la vigae. Kifuani, kwenye uwazi wa zipu ya koti lake, kilichomoza kichwa cha mbwa mdogo mweusi mwenye doa jeupe puani.

"Kaka, koti lako linanilamba."

"Samahani dada. Limekosa malezi."

"Na wewe je?"

"Mimi nililelewa, ila mlimani, kule Ballingeary. Kule hatuna foleni, kwa hiyo sijui mtu anatakiwa kusimama umbali gani."

"Umbali huo huo unatosha," akasema Nuala, na muuza samaki akakohoa.

Mwanamume aliitwa Fintan Hurley, fundi wa mapaa. Alikuwa amemleta mbwa kutoka shambani kwa baba yake akutane na mnunuzi pale kwenye chemchemi ya soko. Mnunuzi hakutokea.

"Ni jike. Mama yake anachunga kondoo wa mzee," alisema.

"Anaitwaje?"

"Haitwi."

"Kila kitu kinaitwa, bwana. Hata huyu samaki aliyekufa ana jina."

"Huyu haitwi."

Nuala alikuwa msusi, na msusi hawezi kulala na swali tumboni. Akamtazama mbwa, akamtazama mwenye mbwa, hakujua ni yupi anayemvutia zaidi. "Nipe mimi," akasema. "Lakini jina unitafutie wewe. La Kiayalandi, la maana. Mtaani kwetu ukiita Max wanakuja saba."

"Kwani wewe Kiayalandi hukusoma shule?"

"Nilisoma utoto wangu wote, nikatoka na sentensi moja tu: mwalimu, naomba ruhusa niende chooni."

"Hiyo nayo imewaokoa wengi," Fintan akasema, na wakacheka mpaka foleni ikawapita.

Basi ikawa kila jioni Fintan akishuka kwenye mapaa anapanda kilima cha Shandon, anakoishi Nuala na ambako nyumba zimebanana kama abiria na mtu akipiga chafya hapa anaambiwa "afya" nyumba ya tatu. Anafika amenawa uso, shingo bado ina vumbi. Nuala anamkatia mkate wa soda, anamwagia chai nyeusi kama dhambi, kisha wanaanza kazi ya jina.

"Faolán. Mbwa mwitu mdogo," Nuala alisoma kwenye simu.

"Mtazame. Aliogopa pazia jana."

"Gealach. Mwezi."

"Mweusi hivi?"

"Haya, Ciara basi, maana yake si mweusi?"

"Ciara ni binti wa jirani yako. Utamwita mbwa aje ale, aje Ciara na sahani."

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu jina la mbwa hupimwa mlango wa nyuma, mvua inanyesha, unaita kwa sauti yote. Asipotoka mtu, jina linafaa. Nuala alipima majina mengi. Walitoka watoto, alitoka tarishi, siku moja alitoka padri.

"Mpenzi, wewe kila jina unalikataa," Nuala alisema, ameegemea bega lake. "Unachagua kama unaoa."

"Jina zuri halitaki haraka."

"Na busu je?"

"Hilo linataka haraka kidogo."

Wakaharakisha. Mbwa alichukua nafasi hiyo kumaliza siagi.

Kule saluni, mwenye duka, Bi Concepta Lucey, mwanamke wa nywele za zambarau na masikio marefu, kila asubuhi alikuwa na salamu moja tu. "Ameshapata jina?"

"Bado, Bi Concepta."

"Wiki zote hizi? Mimi watoto wangu sita nilikuwa nimeshawapa majina kabla sijatoka hospitali. Mwanamume anayeshindwa kutaja jina la mbwa anaficha kitu, mwanangu."

Wateja chini ya mashine za kukaushia nywele walitikisa vichwa, ingawa hawakuwa wamesikia neno. Kilima kizima sasa kilitaka kujua. Waliokuwa hawasemezani tangu mazishi ya mtu fulani walisemezana kwa ajili ya mbwa yule.

Jumapili moja Fintan akampeleka Nuala kwao. Nuala alivaa gauni la maua na buti mpya. Mbwa alivaa utepe. Mzee Dinny, baba yake Fintan, mjane mwenye kofia ambayo nadhani alizaliwa nayo, aliwapokea uani kwa viazi, nyama ya chumvi na maneno machache. Mbwa wawili wakubwa walimkimbilia Nuala.

"Huyu Sceach, huyu Tonn," alisema mzee. Kwenye majani makavu, watoto wengine wanne wa mbwa walikuwa wanaumana masikio.

"Na hawa, baba?"

"Hao hawana majina. Ni wa kuuzwa."

"Kwani wa kuuzwa hapewi jina?"

"Binti yangu, ukimpa jina umekwisha. Kesho utamwekea sahani, keshokutwa analala jikoni, mnunuzi akija unamwambia amekosea nyumba. Hapa kwetu anayebaki ndiye anayepewa jina. Anayeondoka anapigiwa mluzi tu."

Nuala alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni taratibu, kama maji kwenye sufuria. Akamgeukia Fintan, ambaye ghafla alikuwa ameona jambo muhimu sana kwenye kamba ya kiatu chake.

"Fintan. Mbwa wangu mimi hauzwi."

"Hauzwi, mpenzi."

"Basi nani anaondoka?"

Mzee Dinny aliinua kofia, akakuna, akaishusha. "Hujamwambia?"

Ikatoka. Tangu kabla ya ile Jumamosi ya sokoni, Fintan alikuwa ameshapata kazi Perth, Australia, kuezeka mapaa kwenye jua kali, mshahara wa kutamanisha. Ndege ni baada ya Pasaka. Fintan hakuwa mwongo, nisimsingizie. Alikuwa mpole, na mpole akiona neno gumu hulizunguka kama ng'ombe anavyozunguka shimo. Kila jioni alisema moyoni nitamwambia kesho. Na kila jioni jina lilimfika mdomoni likarudi, kwa sababu alijua akilitaja, hataondoka tena.

"Umenilia mkate wangu wote huo," Nuala akasema, "ukijua unanipigia mluzi tu?"

"Nuala, si hivyo. Ungeniambia nibaki..."

"Sikuambii! Nikikuambia ubaki, kila mvua ikinyesha utanitazama mimi. Na hapa inanyesha kila siku. Nenda. Ila mbwa ni wangu."

Akapanda basi na mbwa wake, utepe umelowa. Mzee Dinny alibaki anamtazama mwanawe. "Mimi nimefuga wajinga wengi," alisema, "lakini wote walikuwa kondoo."

Kilima kilinyamaza. Bi Concepta, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuuliza kitu, na ilimuumiza kama jino.

Siku ya nne simu ya Fintan ililia, yuko juu ya paa la kanisa.

"Nuala! Mpenzi..."

"Sijakupigia wewe. Nimepigia lugha. Mkaidi kwa Kiayalandi anaitwaje?"

"Ceanndána."

"Asante." Akakata.

Jioni ile mtaa ulisikia "Ceanndána!" kwenye mlango wa nyuma. Hakutoka mtu, hakutoka mbwa. Alikuwa chini ya meza anatafuna buti mpya.

Kesho yake tena. "Mwizi?"

"Gadaí. Ameiba nini?"

"Soksi yako uliyoisahau. Ameiba, amekula, ametapika. Hata yeye imemshinda."

"Nuala, unakula vizuri?"

"Sijauliza hilo." Akakata.

Siku iliyofuata simu haikulia mpaka jioni. Fintan alikuwa ameitazama mpaka ikamwogopa.

"Kuna neno," Nuala alisema polepole, "la mtu anayekaa dirishani jua likizama, anasikiliza hatua kwenye ngazi, na anayezipanda si yule anayemngoja?"

"Nani huyo, mbwa?"

"Wewe unafikiri nani?"

"Hilo halina neno moja, Nuala."

"Basi lugha yenu maskini." Akakata, akalia, mbwa akamlamba machozi kwa sababu yana chumvi.

Asubuhi Fintan alikaa juu ya paa, nyundo magotini, vigae havijapigiliwa. Chini yake mji wote ulimeta kwa mvua, na mto ukiukumbatia kwa mikono miwili kama ulivyo siku zote. Alikuwa ameutazama mto ule tangu utotoni, kule juu ambako mtu anauruka kwa hatua moja. Akautazama muda mrefu. Kisha akatoa simu, akapiga mbali, akasema maneno machache. Msimamizi wake akapiga kelele kutoka chini kwamba halipwi kwa kupiga soga na mawingu. Fintan akashuka ngazi, akampita, akaenda zake.

Saluni ilikuwa imejaa, maana ni mkesha wa arusi ya mtu. Nuala alikuwa amempaka Bibi Twomey rangi kichwani, brashi mkononi, aproni nyeusi, macho mekundu anayosema ni ya dawa. Mbwa amelala mlangoni kama zulia. Mlango ukafunguka, Fintan akaingia analowesha sakafu, mashine za kukaushia nywele zikazimwa moja baada ya nyingine. Sijui nani alizizima. Zilizimwa tu.

Akapiga goti. Wanawake wakavuta pumzi. Lakini hakumtazama Nuala, alimtazama mbwa.

"Laoi," akaita.

Mbwa hakuinua hata sikio.

"Nani huyo Laoi?" Bi Concepta alishindwa kujizuia.

"Ni mto wetu huu, kwa Kiayalandi," Fintan alisema. Hutamkwa "Lii", herufi nyingi kuliko sauti, lakini sisi Waayalandi kwenye herufi ni wakarimu. "Unazaliwa mlimani kwetu, unateremka mpaka hapa mjini kwenu. Na sijawahi kuuona ukirudi."

Nuala aliweka mkono kiunoni. Rangi ilidondoka. "Nilisoma jiografia, Fintan Hurley. Mto huo haukai Cork. Unaingia baharini na kwenda zake."

Saluni ikamgeukia Fintan. Hapo ndipo mpole huzaliwa upya au huzikwa.

"Ukifika baharini wanauita bahari," alisema. "Ukiusikia unaitwa Laoi, ujue uko hapa."

"Na Perth?"

"Nimewapigia. Nimewaambia watafute mtu ambaye jua halimchomi masikio."

"Umefanya hivyo kwa ajili yangu? Maana nilikuambia mimi..."

"Wewe hukuniomba. Nimefanya kwa ajili yangu. Mvua ikinyesha nitajilaumu mwenyewe."

Nuala akauma mdomo. Aliuma sana, lakini tabasamu ni kama mtoto mtundu, ukifunga mlango linatokea dirishani.

"Sasa kwa kuwa leo ni siku ya majina," Fintan akaendelea, bado goti chini, sauti imempungua, "nilikuwa nauliza kama wewe... Nuala Hurley. Unalionaje?"

"Baya."

Bi Concepta alishika moyo.

"Cotter nimezaliwa nalo, Cotter nitazikwa nalo," Nuala akasema, akaweka brashi chini. "Lakini wewe mwenyewe, na vumbi lako, na upole wako wa kipumbavu, nakuchukua. Inuka, unanichafulia sakafu."

Akainuka. Yaliyofuata hayakuwa ya kutazamwa na watu wa heshima, kwa hiyo sote tulitazama. Bibi Twomey alisahauliwa na rangi yake kichwani mpaka ikaiva kama karoti. Siku ya pili kule arusini watu walimsahau bibi arusi.

"Lipime basi!" mtu alipaza sauti. "Jina hupimwa mlangoni!"

Nuala akafungua mlango, mvua ikampiga usoni, akaita kilima kizima: "Laoi!" Madirisha yakafunguka juu na chini ya mtaa, vichwa vikatoka, lakini hakuna aliyejibu kwamba ni yeye. Mbwa akaruka katikati ya miguu yao akatoka mbio. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi, kwamba ameitika mara ya kwanza tu.

Alikuwa ameona paka. Nuala na Fintan wakateremka kilima wakimkimbiza, wameshikana mikono, wote wawili wakiita.