Simu Iliyokataa Kukauka

Siku ile haikuwa na neno. Ukungu uliteremka kutoka msitu wa Ngorongoro kama kawaida yake, ukalala juu ya mibuni ya shamba la kahawa asubuhi nzima, na wachumaji wakarudi kambini mchana wakiwa hoi, nguo zimelowa umande, vidole vimekufa ganzi. Stumai aliingia chumbani kwake akainua ndoo ya maji. Tupu. Akainua dumu. Tupu vilevile. Akalikalia hilohilo dumu, maana hata kusimama kulikuwa kazi.

Tangu amzike mwanawe, Noel, Stumai alikuwa mtu wa kuchotewa maji. Huo ni mwiko wa Wairaqw, wenyeji wa Karatu, nao huuita metimani: mama aliyefiwa na mtoto hakaribii chemchemi mpaka wazee wamtakase. Jirani yake Sara, ambaye kambi nzima ilimwita Mama Janeth, ndiye aliyemletea maji asubuhi na jioni bila kunung'unika. Lakini Mama Janeth alikuwa ameitwa kwao Mbulu kwenye msiba, na wale aliowaachia kazi hiyo walichota mara moja, kisha wakasahau. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Stumai mwenyewe alikuwa Mnyaturu wa Singida. Mwiko wa watu haumhusu, ndivyo alivyojiambia. Akabeba ndoo, akashuka bondeni.

Simu aliichomeka kifuani, ndani ya blauzi, mahali pake tangu msiba. Humo mlikuwa na video ya Noel, na zaidi ya hiyo mtoto yule hakubaki popote. Hakuwahi kupigwa picha nyingine. Alfonsi, baba yake, alikwenda Loliondo kutafuta kazi baada ya mazishi, na namba yake haikupatikana tena. Video yenyewe ilikuwa fupi. Noel amelala chali juu ya kanga, amevaa suruali ya sufi ya njano iliyoungana na soksi zake, ambayo mama yake aliifuma kwa mkono, na ambayo alizikwa nayo. Stumai anasikika akigonga ulimi, ko, ko, ko. Mtoto anacheka, anageuza uso kuelekea mlangoni, video inakatika. Alikuwa bado hajajua kujigeuza, sembuse kukaa.

Aliinama kuchota. Simu ikachomoka.

Aliiona ikizama huku inawaka. Chemchemi ile ni ya magotini, watoto huichezea. Stumai akatumbukiza mkono mpaka kiwiko, mpaka begani, shavu likagusa maji, na bado hakufika chini. Kisha simu ikatua kiganjani mwake. Hakuiokota. Aliwekewa.

Hofu ya kuikosa video ilimzidi hata hakuliwaza hilo. Aliizima palepale, akatoa betri na laini, akaifuta kwa kanga. Nyumbani akaifukia kwenye sufuria ya mchele, kama alivyosikia watu wakisema. Kesho yake aliipeleka mjini kwa Dominic, fundi simu wa karibu na soko.

"Uliichaji?" Dominic aliuliza.

"Hapana. Niliizima tu, nikaiweka kwenye mchele. Ina video ya mwanangu."

"Kuizima umefanya la maana. Wengi wanawasha waone kama nzima, wanaiunguza wenyewe. Ila mchele, dada, kaupike tu ule. Haukaushi kitu, unajaza unga ndani. Hiyo video iko kwenye simu au memori kadi?"

"Kwenye simu."

"Basi tusiwe na haraka."

Akaifungua kwa bisibisi, akaipiga mswaki na spiriti, akaianika juani juu ya meza. Ikatoka maji. Akaifuta. Ikatoka tena. Kufikia alasiri kitambaa chake kilikuwa cha kukamuliwa. Dominic akaacha kuifuta. Aliirudishia betri na vifuniko vyake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Kaa nayo mwenyewe, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Inanuka tope. Na usiiwashe."

Stumai alirudi nayo kambini. Mchele ule kwenye sufuria ulikuwa umevimba na kulainika kama uji wa mtoto, na jiko lake halikuwa limewashwa tangu juzi. Aliutazama, akaufunika. Uchovu ukizidi humnyima mtu hata nguvu za kuogopa.

Akaiwasha simu.

Iliwaka. Haikuwa imegusa chaja, na chaji ilikuwa imejaa. Video ilikuwepo. Stumai alilia kwa furaha, akaibusu simu ilivyo, na matope yake. Noel akacheka. Akageuza uso kuelekea mlangoni.

Video haikukatika.

Noel alijigeuza, akalala kifudifudi, akainua kichwa. Na ulimi ukaendelea kugongwa, ko, ko, ko. Lakini Stumai aliikumbuka siku ile vizuri. Yeye alikuwa ameshanyamaza. Ugongaji huu ulikuwa wa mtu mwingine, wa polepole, wenye maji ndani yake.

Mama mwingine angeitupa. Stumai aliilaza juu ya mto wa kitandani, akalala nayo shavuni.

Jioni iliyofuata Noel alikuwa amekaa. Jioni nyingine alitambaa juu ya mawe yenye utelezi, ukungu umemzunguka, na suruali ya njano imeanza kumfupikia. Stumai alikwenda shambani, akachuma, akarudi, akatazama. Hakula. Wenzake walimwona amekonda wakasema ni majonzi, nao hawakukosea sana. Ndoo yake ilikuwa tupu wakati wote, lakini sakafu ya chumba chake haikukauka.

Mama Janeth aliporudi kutoka Mbulu, aliingia mlangoni akasimama. Alitazama sakafu. Alitazama sufuria.

"Mama Noel," alinong'ona. "Ulikwenda majini?"

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu mazishi. Stumai akamwonyesha simu.

Mama Janeth hakuitazama mpaka mwisho. Aliigeuza kifudifudi juu ya kitanda. "Unafikiri tunakuzuia kwa sababu tunakuchukia? Mama aliyefiwa akiinamia chemchemi, wenye maji hudhani ameleta mtoto awaachie. Wakampokea. Sasa wanakulelea."

"Si wamlee," Stumai alisema. "Mimi nilishindwa."

"Hukushindwa, mdogo wangu. Homa ilimchukua. Lakini nisikilize. Akishajua kutembea, atatembea kuja kwako. Na hatakuja peke yake. Warudishie simu yao kabla hajasimama."

Aliondoka bila kuketi. Stumai akabaki anaitazama simu ile iliyolala kifudifudi. Akiitupa, anamzika Noel mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa bado mchana. Akaigeuza.

Noel alikuwa anajaribu kusimama. Alishika kidole cha mtu, kidole kirefu, cheupe kama kitu kilicholowekwa sana. Akainuka. Akayumba. Ulimi ukagongwa. Noel akamtazama mwenye kidole, akacheka kicheko kilekile, na kwa mara ya kwanza akasema.

"Mama."

Hakumwambia Stumai.

Hapo ndipo alipoogopa, na aliumia zaidi ya alivyoogopa. Alishuka bondeni akikimbia na kuanguka. Hakuinama. Aliitupa akiwa amesimama mbali, akasikia ikiingia majini. Chemchemi haikufanya hata kiwimbi. Aliporudi, sakafu yake ilikuwa kavu, na alilala usingizi ambao alikuwa hajaulala tangu msiba.

Asubuhi alifungua mlango aende shambani.

Juu ya kizingiti palikuwa na kitu cha njano. Kilikuwa kimelowa. Alikiokota, akakikunjua. Ilikuwa suruali ya sufi iliyoungana na soksi zake. Kila fundo alilijua, hata lile alilolikosea kiunoni akaona uvivu wa kulifumua. Kaburi la Noel liko nyuma ya kambi, na Mama Janeth alikwenda kulitazama asubuhi ileile. Udongo haukuwa umeguswa.

Magoti ya suruali yalikuwa yametoboka, yamesuguliwa na mawe, kama ya mtoto yeyote aliyetambaa sana. Stumai aliigeuza upande wa chini. Nyayo nazo zilikuwa zimeanza kulika.

Wachumaji walipita wakamwita. Alikaa juu ya dumu lake, amechoka kuliko siku zote, akaipima suruali ile kwa shubiri. Kisha akafumua kitambaa chake cha kichwa cha sufi, akatafuta sindano, akaanza kuongeza urefu.