Kiendeshi cha Jicho la Baba

Kwa miaka mingi Mzee Ambakisye wa Tukuyu alikuwa akiona kwa kisogo, na hakuna aliyemshangaa. Miwani yake ilibeba kamera mbili. Kamera zilipeleka picha kwenye kompyuta ndogo iliyoning'inia kiunoni, kompyuta ikazichora upya kwa lugha ya umeme na kuzituma kwenye nyuzi zilizopandikizwa nyuma ya ubongo, mahali ambapo mwanadamu huonea hasa. Watu waliliita jicho la mkanda. Kwa jicho hilo mzee alipogolea migomba yake na kusimamia roboti za kuchuma chai, akizigombeza kama vibarua.

Ndani ya kila kompyuta kuna kiendeshi, programu inayoiambia kadi ya picha ichore nini na wapi. Pasipo kiendeshi, kadi ni kipande cha chuma tu. Kampuni iliyotengeneza jicho lile ilikificha kiendeshi chake kama mganga anavyoficha dawa, kisha ikatangaza kwamba macho ya zamani yamestaafu. Anayetaka kuendelea kuona apasuliwe upya. Daktari akatikisa kichwa, akisema kwa umri ule kisu kitamuua mzee. Alhamisi asubuhi kiendeshi kikazimwa kutoka mbali, na Mzee Ambakisye akaamka gizani, kadi yake ikiwa nzima kabisa.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," alimwambia binti yake.

Binti huyo, Atupele, mhandisi wa programu huko Dodoma, alikuwa amejiandaa. Yeye na wenzake wa Kisumu, Lima na Hanoi, ambao hajawahi kuwatia machoni, walikuwa wakiandika kiendeshi huria, ambacho msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Hawakuwa na ramani ya kadi. Walitega sikio kwenye mazungumzo kati ya kadi na kiendeshi cha kampuni, wakakisia neno baada ya neno. Sehemu moja iliwashinda, pale zilipopita nyuso za watu. Atupele aliidhania ujanja wa kuipunguzia mashine kazi. Walikubaliana kwamba wasichokielewa wasikiweke, wakaiacha.

Sasa alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa wazazi wake, waya mkononi, akikiingiza kiendeshi chao kwenye kompyuta ya kiunoni. Kiendeshi kikigoma, baba yake hataona tena mpaka kaburini.

"Baba, unaona nini?"

Mzee aligeuza kichwa huku na huku. "Naona ndizi. Kwa harufu zimeiva, lakini ni za buluu. Na wewe ni buluu kama mzuka. Mwanangu, umenipeleka kuzimu gani?"

Atupele alicheka hadi machozi yakamtoka. Jicho limewaka! Nyekundu na buluu tu ndizo zilizobadilishana nafasi, kosa la mstari mmoja. Akaurekebisha.

"Ehee! Sasa ni za njano." Mzee akamkazia macho. "Umekonda. Na hiyo mvi umeiota lini?"

"Ni hicho kiendeshi chako, baba," alitania, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu alfajiri.

"Ndaga fijo, mwanangu," mzee akashukuru kwa Kinyakyusa.

Hapo mkewe, Subilaga, akaingia na jagi na beseni. Kama alivyofanya kila mlo tangu aolewe, alipiga magoti mbele ya mumewe ili amnawishe. Mzee alimtazama, akarudisha mikono nyuma.

"Mama, samahani," alisema kwa adabu. "Mama Atupele yuko wapi?"

"Baba Atupele, ni mimi."

Mzee akaitambua sauti, uso hakuutambua. Papo hapo Atupele aliielewa ile sehemu iliyowashinda. Kadi ilikuwa na nguvu ndogo, na uso una mambo mengi ya kuchora. Kwa hiyo kiendeshi cha kampuni kilichora uso wa kila mtu mara moja, siku ya kwanza, kisha kikawa kinaubandika uleule miaka yote. Aliwaeleza hivyo, akijiuma midomo.

"Kumbe!" Subilaga aliketi sakafuni, huku analia na kucheka. "Kila nikisema nimechoka unanijibu, mbona uso unang'aa? Nikajua mume wangu hanijali tena. Kumbe hukuwa unaniona!" Akafuta macho kwa pindo la khanga, na mabega yake yakalegea kama mtu aliyetuliwa kuni.

Mzee alinyoosha kidole, akafuata mikunjo ya shavu lake mmoja mmoja. Uchungu ulimshika. Miaka yote ile amemwacha abebe maji, mikungu na lawama, akiamini uso wa kubandikwa.

"Baba," Atupele alisema kwa sauti ya chini, "nimeshaujua ujanja wao. Ukitaka, naweza kukurudishia uso ule wa zamani."

"Thubutu!" mzee alifoka. "Yule amenidanganya vya kutosha."

Akainuka, akamshika mkewe mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kisha yeye, ambaye hakuna mtu Tukuyu aliyewahi kumwona amepiga magoti nje ya kanisa, akapiga magoti na kulichukua jagi.

"Lete mikono, mama," alisema, akaanza kumwagia maji.