Boneti Ilikuwa ya Moto

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare zake za shule na kuzianika, Chiriku alivaa viatu akaenda kutazama magari. Hakupenda hata kidogo. Jina hilo la utani alipewa kwa kusema sana, lakini Jumamosi hii ilikuwa ya sita mfululizo, na hata hamu ya kusema ilikuwa imemwisha.

Familia ilitafuta gari lililotumika, ili bibi apelekwe kliniki bila kusimama kituoni na magongo yake. Tatizo lilikuwa baba. Yeye ni fundi cherehani, na akiona viti vimeshonwa vizuri, basi, amekwisha. Mjomba naye, fundi makanika, alilikataa kila gari ambalo baba alilipenda. Hili linakunywa mafuta kupita kiasi. Lile vipuri vyake ni adimu. Lile jingine matairi yamelika upande mmoja. Walibishana njia nzima, kwenda na kurudi.

Kazi ya Chiriku ilikuwa moja tu. Wakifika, kabla salamu hazijaisha, aguse boneti na kumwambia mjomba kama ni ya moto au baridi.

"Muuzaji mjanja huliwasha gari mapema," mjomba alikuwa amemweleza. "Injini mbovu ikishapata moto hujifanya nzima. Ubovu wake utauona ikiwa baridi."

Gari la siku hiyo lilikuwa jeupe, limesuguliwa likang'aa. Muuzaji, mcheshi mwenye funguo nyingi kiunoni, aliwakaribisha kwa mikono miwili. Baba akaanza kupapasa viti. Mjomba akaingia uvunguni upande wa nyuma. Chiriku akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto.

"Vipi huko juu?" mjomba aliuliza.

Chiriku akaiwaza Jumamosi ya saba, na ya nane, na vumbi, na yale mabishano. Alikuwa amechoka nayo mpaka basi.

"Baridi," alijibu.

Gari likawashwa, likanguruma vizuri. Mjomba alisikiliza, akalizunguka mara mbili, asione kasoro.

"Leo hata wewe umenyamaza, shemeji!" Baba alicheka, akatoa bahasha mfukoni. "Mama hatasimama tena kituoni."

Mle ndani mlikuwa na pesa za miaka miwili ya kushona nguo za watu. Chiriku akamshika baba mkono.

"Baba, usilipe! Nimedanganya. Boneti ilikuwa ya moto."

"Mtoto wewe! Kwa nini?"

"Nimechoka, baba. Nimechoka na magari!"

"Nilitoka nalo sokoni sasa hivi tu," muuzaji alidakia.

"Hakuna neno," mjomba alisema, akakalia tairi kuukuu. "Tutasubiri lipoe."

Walisubiri saa tatu nzima. Muuzaji alitazama saa, akadai ana wateja wengine, kisha akapunguza bei bila kuombwa. Baba alifoka kwamba siku imeharibika. Hatimaye ufunguo ukazungushwa. Injini ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena. Ilipowaka mara ya nne, moshi wa buluu ulitoka nyuma ukawafunika wote.

"Inachoma oili," mjomba alisema, akijipepea. "Injini hii ni ya kufunguliwa yote. Mwezi ujao gari lingelala gereji, na pesa za kulitengeneza hamna."

Baba alirudisha bahasha mfukoni.

Wiki mbili baadaye walipata gari la mwalimu mstaafu. Rangi ilikuwa imepauka, lakini liliwaka mara moja injini ikiwa baridi, na mwenyewe alikuwa ametunza risiti zote za matengenezo. Mjomba aliitikia kwa kichwa, likanunuliwa.

Jioni hiyo baba alimwita Chiriku.

"Siku ile nilikasirika sana," alisema. "Lakini mimi pia nilikuwa nimechoka, kuliko wewe. Ndiyo maana nilitaka kulipa haraka. Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka, sema umechoka, tutapumzika. Usiseme baridi wakati mkono wako umeungua. Mjomba wako alikuwa uvunguni, haoni. Mimi nilikuwa nimeduwaa na viti. Siku ile, kwa upande wetu, mwenye kujua ukweli ulikuwa wewe peke yako, na sote tulikutegemea."